Nani Aitikie Marahaba

Mimi nilitolewa ndani mara mbili kwa siku moja, na nalisema hilo mapema ili ijulikane kwamba ukali wangu una sababu. Wasichana wenzangu wa Marui waliwekwa ndani, wakafundwa, wakatolewa mara moja kwa ngoma na vigelegele, yakaisha. Mimi nilitolewa kwa mlango wa mbele, nikarudishwa ndani, nikatolewa tena kwa mlango wa uani, kwa sababu wanawake wawili wazee hawakukubaliana ni nani kati yao aliye mkubwa.

Mmoja alikuwa bibi yangu, mama yake baba, ambaye nilipewa jina lake. Kwa heshima ya jina hilo baba yangu mwenyewe aliniita mama, na bibi aliniita somo. Nilikaa kwake tangu nilipoachishwa ziwa. Wa pili alikuwa jirani yake aliyeishi upande wa pili wa kijito, na sisi watoto tulimwita bibi wa ng'ambo. Walikuwa marafiki tangu utoto wao. Walilima bonde moja la mpunga, waliazimana chumvi, na mmoja akipika kisamvu cha nazi, lazima bakuli livuke kijito kabla watu wa nyumbani hawajanawa mikono. Kila kitu kilivuka kijito kile isipokuwa shikamoo.

Shikamoo huanza na mdogo, na mkubwa huitikia marahaba. Sasa hawa wawili kila mmoja alijua kwa yakini kuwa yeye ndiye mkubwa, kwa hiyo kila mmoja alisubiri kuamkiwa. Daraja letu lilikuwa gogo la mnazi. Wakikutana hapo asubuhi walisimama, mmoja huku na mwingine kule, wakakohoa kidogo, wakatazama mawingu. Sisi wenye mitungi kichwani tulipanga mstari nyuma yao mpaka shingo zikafa ganzi. Mwishowe mmoja angesema, "Umeamkaje, mdogo wangu?" Na mwenzake angejibu, "Nimeamka salama, mdogo wangu, sijui wewe." Hapo ndipo tulipopata njia.

Hakuna aliyeandika siku walipozaliwa. Umri wao ulipimwa kwa Mjerumani. Bibi alianza kwa kusema kwamba Mjerumani alipoingia nchini yeye alikuwa anatambaa. Bibi wa ng'ambo aliposikia hivyo akasema yeye wakati huo alikuwa anateka maji peke yake. Kufika msimu wa korosho bibi yangu naye alikuwa anateka maji, tena na mdogo wake mgongoni. Mwaka nilipovunja ungo, bibi wa ng'ambo alikuwa amempikia ugali askari wa Mjerumani, askari akaukataa kwa kuwa una madonge, na bibi yangu alikuwa ameshaolewa na kuzaa. Laiti wangeachwa waendelee, nadhani wangempita Mjerumani wakafika kwa Mwarabu.

Siku yangu ya kutolewa iliangukia mwishoni mwa vita vya pili vya dunia, wakati nguo zilipatikana kwa kupanga foleni. Katika mtaa wetu mlango wa mwali hufunguliwa na mwanamke mkubwa kuliko wote. Bibi yangu alishika mlango kwa sababu ni mkubwa na nyumba ni yake. Bibi wa ng'ambo, aliyekuwa amevaa kanga ambayo sijui aliipata foleni ipi, alishika mlango huohuo kwa sababu ni mkubwa na nyumba haina umri. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nimepakwa mafuta mwili mzima, nimefunikwa gubigubi, jasho linanichuruzika, nasikia wanabishana habari za Mjerumani. Ngoma zilinyamaza ili watu wasikie vizuri.

Kungwi wangu, mwanamke mwenye akili, ndiye aliyesema kwamba nyumba ina milango miwili.

Basi nikatolewa na bibi mbele, vigelegele vikapigwa, nikainamisha macho kwa haya kama nilivyofundishwa. Kisha nikarudishwa. Nilipotoka uani mkononi mwa bibi wa ng'ambo haya ilikuwa imeniisha, nilikuwa na njaa, na wali niliosikia harufu yake tangu alfajiri ulikuwa umepoa. Nilikunja uso mpaka masikio yakasogea. Watu wakasema mwali wa mlango wa pili ana heshima zaidi kuliko yule wa kwanza. Mgeni mmoja aliyetoka Chole aliuliza kama sisi ni pacha.

Niliolewa Misugusugu na mtu aliyefanya kazi kwenye shamba la mkonge, na kwa miaka kadhaa sikufika Marui. Nilirudi nikiwa na mtoto wa kike kiunoni, kumsaidia bibi kuvuna mpunga. Lori lilinifikisha mjini, lori jingine likanifikisha Kisarawe, na safari iliyobaki ilikuwa ya miguu.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni usafi. Bibi hakuwa mchafu zamani, lakini sasa sakafu ya chumba chake ilikuwa imefagiliwa mpaka udongo unang'aa. Nilimsifu. Alinitazama kama mtu anayepima kama mwenzake anaweza kutunza siri.

"Somo," akasema, "siku moja na wewe utaingia chumbani usahau umefuata nini. Usisimame katikati ya chumba umeduwaa kama mbuzi. Chukua ufagio ufagie. Watu watasema bibi huyu msafi."

"Kwa siku unafagia mara ngapi?"

"Jana nilifagia sana."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yangu ya pili, na kwa kweli yamenifaa kuliko yale ya kungwi. Alinifundisha kuketi kabla hujachoka, ili watu waone umependa kuketi. Alinifundisha kwamba usipoona tundu la sindano, mwenye kosa ni sindano. Zake alizilaumu waziwazi: sindano za Mjerumani zilikuwa na matundu ya kueleweka, lakini hizi za Mwingereza zinatengenezwa na watu wachoyo. Alinifundisha kuwa asiyesikia vizuri asiseme "nini" kila mara, bali atikise kichwa taratibu na kusema "haya ndiyo mambo ya dunia," jibu ambalo halikosei. Niliwahi kumwambia kuwa ubwabwa umeungua, akatikisa kichwa akasema haya ndiyo mambo ya dunia.

Baba alikuwa amemchongea mkongojo mzuri wa mpingo. Bibi aliushukuru, akausifu mbele ya majirani, halafu akautumia kutegemeza dirisha la mbao lisifunge na kufukuzia kuku waliokanyaga mpunga ulioanikwa. Kutembelea alikataa. Alisema mkongojo ni wa wazee.

Neno hilo lilinishangaza kidogo, maana nilimjua bibi kuwa mzee kwa kujitangaza. Kesho yake nikaelewa. Tulikuwa tunateremka kijitoni, na bibi wa ng'ambo alikuwa anakuja kutoka upande wake, amekonda, mgongo umepinda, lakini anakaza mwendo. Na bibi yangu naye akakaza mwendo. Nikajiandaa kusubiri kama zamani, nikamhamisha mtoto kiuno cha pili. Wote wawili wakafika kwenye gogo kwa pamoja, wakihema.

"Shikamoo, dada," akasema bibi.

"Shikamoo, dada," akasema bibi wa ng'ambo, wakati huohuo.

Hakuna aliyeitikia. Wakakohoa. Wakatazama mawingu.

Nyumbani nilimkalia kooni. Tulikuwa tunapepeta mpunga, ungo kwake na ungo kwangu.

"Bibi, siku hizi wewe ndiye mdogo?"

"Nimekuwa mdogo siku zote. Nyie mlikuwa hamniulizi vizuri."

"Na Mjerumani?"

"Mjerumani nilisimuliwa."

"Ulikuwa umeshaolewa na umezaa."

"Labda mama yangu ndiye aliyekuwa ameolewa. Mambo ya zamani yanachanganyika."

Nilicheka mpaka nikamwaga mpunga. Yeye naye alicheka, mapengo yote nje. Kisha akasema, "Somo, wakati wa vita ulipanga foleni ya nguo?"

"Nilipanga."

"Wa kwanza alipata nini?"

"Alipata nguo."

"Sasa iko foleni nyingine, wa kwanza hapati kitu. Huko nataka niwe na mtu mbele yangu. Tena mtu ninayemjua, tuwe tunazungumza." Alikuwa bado anatabasamu, lakini ungo ulikuwa umetulia mikononi mwake.

Tulipokuwa tunamalizia mavuno bibi wa ng'ambo alishikwa na homa. Homa ikaja, ikaondoka, yeye akabaki kitandani. Hakuwa na maumivu yoyote ya kutaja. Alisema tu kwamba ameitwa, yeye ndiye mkubwa na zamu ni yake, na mtu aliyeitwa hana haja ya kunywa uji. Binti yake, mwanamke mpole aliyemtunza, alikuwa akipika uji asubuhi na kuwapa kuku mchana.

Kila asubuhi bibi alivuka gogo kwenda kumtazama, nami nikamfuata. Mgonjwa alifungua macho, akasema kwa sauti ya chini, "Shikamoo, dada." Na bibi yangu, aliyeketi ukingoni mwa kitanda cha kamba akimkanda miguu kwa mapenzi makubwa, alijibu, "Shikamoo, dada." Uji ukapoa kwenye kata. Mgonjwa akageukia ukuta.

Siku moja binti yake alinikuta kijitoni nafua nguo. Akachuchumaa karibu yangu, akaniambia, "Mama anasema siku bibi yako atakapomwitikia, ndipo atajua kuwa zamu si yake. Na bibi yako haitikii."

Nilipanda mbio kutoka kijitoni na nguo zikiwa nusu hazijafuliwa. Nilimkuta bibi chumbani kwake na ufagio.

"Hivi marahaba inakuuma nini?" nikamwambia. Sikuketi wala sikumwamkia. "Neno moja tu. Rafiki yako anakufa kwa njaa na uji uko mbele yake."

Bibi hakukasirika. Ningependa angekasirika, maana hasira naijua. Aliketi kitandani na ufagio mapajani.

"Naogopa, somo," akasema.

"Unaogopa neno?"

"Wewe ukiitika, ni mdomo tu umeitika. Mimi nikiitika namwondoa aliye mbele yangu, nabaki natazama mlango mwenyewe. Unamwonea huruma yeye. Mimi nani ananionea?"

Sikuwahi kumsikia bibi akisema anaogopa kitu, hata nyoka. Alikuwa mtu wa kuniambia mimi nisiogope. Nilihisi kama mtoto aliyeachwa sokoni, nikaketi karibu yake, nikamshika mkono, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi ulivyokuwa mwepesi. Hatukusema tena habari ile. Jioni tulikula, akasema mchuzi una chumvi nyingi, na haukuwa na chumvi nyingi.

Asubuhi alioga mapema. Alivaa kanga zake za sikukuu, doti nzima, akajifunga kilemba. Kisha akaenda dirishani, akauchomoa mkongojo wa mpingo. Dirisha likaanguka kwa kishindo, kuku wakatawanyika wakidhani fimbo ni yao. Bibi akatoka nje nao. Hakujua kuutumia. Mwanzo aliuweka begani kama jembe, kisha akaubana kwapani, na tulipofika kwenye gogo ndipo alipouteremsha chini na kuuegemea, akaniangalia vibaya ili nisiseme kitu. Nilikuwa nimebeba chungu cha uji, na kweli sikusema kitu.

Aliingia kwa bibi wa ng'ambo bila hodi, akagonga sakafu kwa mkongojo.

"Nani huyo amelala mpaka jua limefika hapa?"

Bibi wa ng'ambo akafungua jicho moja. Akautazama mkongojo, akatazama kilemba, akafungua na la pili.

"Shikamoo, dada," akasema.

Bibi alinyamaza. Ukimya ule niliufahamu, ndio uleule wa kwenye gogo tulipokuwa tumebeba mitungi.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mdogo wangu."

Na kama mtu aliyekwisha kuingia majini na kuona hakuna sababu ya kurudi kavu, akaendelea. "Mjerumani alipoingia mimi nilikuwa nimeolewa. Wewe ulikuwa unatambaa. Nilikufuta kamasi kwa upindo wa nguo yangu."

Mgonjwa akainua kichwa. "Ulinifuta wewe?"

"Mimi."

"Basi ulinifuta vibaya. Pua hii haijanikaa sawa mpaka leo."

"Kunywa uji. Mkubwa wako anasema."

Akanywa. Binti yake alitoka nje kulia, na mimi nilikuwa nikitazama dari sana kwa mtu asiyekuwa na kitu cha kutazama darini. Bibi peke yake ndiye aliyekuwa mtulivu. Aliomba kata ya pili ya uji, yake mwenyewe, akasema mkubwa naye ana tumbo.

Bibi wa ng'ambo alipona, na alipopona hakuna aliyemvumilia. Alikuwa mdogo kupita kiasi. Nazi alitaka akuniwe na dada yake, kwa kuwa yeye bado mtoto. Samaki alichagua kipande cha katikati, kwa kuwa watoto hawana uwezo wa miba. Kwenye gogo alimpisha bibi kwa adabu mno, akipiga goti nusu, mpaka bibi akamwambia aache mchezo wasije wakatumbukia wote. Bibi aliutembelea mkongojo mtaa mzima na kuamkiwa na kila mtu, na kuitikia kwa sauti. Niliporudi Misugusugu nilimwacha amesimama mlangoni nao, akiniagiza nimletee sindano zenye matundu.

Sindano nilizipata. Sikuwahi kuzifikisha. Mwaka uliofuata, mpunga ukiwa bado mchanga, zilikuja habari kwamba bibi amefariki. Alikuwa amekula, akaketi kabla hajachoka, kama desturi yake, na hakuinuka. Alikuwa mzee sana, na siamini kwamba neno linaweza kumuua mtu. Nasema hivyo kila ninapoulizwa, na wakati mwingine hata nisipoulizwa.

Nilifika wameshazika. Siku ya hitma bibi wa ng'ambo aliketi pembeni ya mkeka, hakusema na mtu, hakula. Wakubwa walimpa pole naye akawatazama tu. Niliumia kumwona, lakini nilikuwa na msiba wangu, na nilimkwepa.

Baada ya kuanua tanga watu wakatawanyika. Asubuhi niliingia chumbani kwa bibi kuchukua kitu, nikasimama katikati ya chumba, na sikukumbuka nimefuata nini. Nikachukua ufagio nikafagia. Nilikuwa nafagia huku nalia wakati nilipoona kivuli mlangoni.

Alikuwa bibi wa ng'ambo. Alikuwa na ule mkongojo wa mpingo. Nikainama haraka kumwamkia, lakini alinitangulia.

"Shikamoo, dada," akaniambia.

Nikadhani msiba umemchanganya. Mimi sikuwa nimefika hata miaka thelathini, na yeye angeweza kumzaa baba yangu. "Bibi, ni mimi," nikasema.

"Najua ni wewe. Jina ni lake na mlango ni wake." Akautazama ufagio, kisha akanitazama usoni. "Nimekuja kumwamkia mkubwa wangu, kama yupo."

Kisha akasimama kusubiri. Hakukohoa wala hakutazama mawingu. Mikono yake miwili ilikuwa juu ya mkongojo. Nilitaka kumwambia kuwa haifai, kwamba watu wa Marui watanicheka maisha yangu yote, kwamba mtu wa rika langu hamwitikii marahaba mtu kama yeye. Nikamfikiria bibi akiwa amekaa pale kitandani na ufagio mapajani, ananiambia kuwa mimi nikiitika ni mdomo tu unaitika. Haikuwa kweli. Niliogopa.

"Marahaba," nikasema. "Marahaba, mdogo wangu."

Alishusha pumzi, akaingia ndani, akaketi mahali alipozoea kuketi.

"Umekunywa uji?" nikamuuliza.

"Bado."

Nikaegemeza ufagio ukutani, nikaenda kukoka moto.